Kuku wa Mama Mkwe Waliokuwa Wakifa Mchana

Nina miaka arobaini na sita, na ninaandika haya nikiwa kwenye chumba cha kupanga, katika mji ambao si wa kwetu wala si wa aliyekuwa mke wangu. Nimeishi sehemu nyingi za nchi hii. Nimekula ugali wa mahindi, wa mtama, wa muhogo, wa ulezi... Lakini kila joto linapozidi, akili yangu hurudi mahali pamoja tu. Bukima, kando ya ziwa, upande wa Musoma.

Watu wakisikia kwamba ndoa yangu ilivunjika kwa sababu ya kuku, hucheka. Nami huwaacha wacheke. Ningewaeleza nikianzia wapi?

Basi niacheni nianzie njiani.

Kwetu ni Masasi, kusini kabisa. Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa. Wenzangu walipata ualimu wakatulia, mimi nikapitia mashamba ya mkonge Tanga, nikapitia bandarini, na kote huko niliona kama maisha yenyewe yapo kituo kinachofuata. Nilikuwa nimerudi Masasi kusalimia, ndipo mjomba wa rafiki yangu aliponitafutia kazi ya karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda.

Ilikuwa ile miaka ambayo habari ya sabuni kufika dukani iliwaamsha watu usingizini. Mabasi yalikuwa hayana matairi, na yenye matairi hayakuwa na mafuta. Mvua zilitukamata kabla ya kuvuka Rufiji, tukalala kwenye kijiji cha watu tukisubiri maji yapungue, na akina mama wa pale wakatupikia kwa huruma yao tu. Dar es Salaam nilipanga foleni ya tiketi hadi miguu ikavimba. Treni ikatuharibikia katika pori la Itigi, injini nyingine ikafuatwa Tabora, sisi tukabaki tunanunua asali na kuimba. Kutoka Mwanza nilipanda lori lililobeba magunia matupu ya pamba. Nililala chali juu yake, kushoto kwangu ziwa, kulia nyika ya wanyama, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikasema moyoni, hapa huenda nikakaa.

Niliposhuka Bunda nilikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Dada mmoja aliyekuwa akiuza uji kituoni alinitazama, akaweka kata chini.

"Kaka," akasema, "wewe umesafiri au umefufuka?"

Huyo ndiye Tabitha. Uji ule nilikunywa vikombe vitatu ili nisiondoke pale.

Tulifunga ndoa kanisani, nyumbani kwao Bukima. Jioni ya siku ile shangazi yake alinikalisha kwenye kigoda, akanipa sharti moja ambalo wakati ule nililiona dogo.

"Mkwe, sisi mama mkwe hatazamwi," alisema. "Ukikutana naye njiani, unapisha kichakani. Akikutangulia, unageuka. Kwenye mji wake, yaani ua na nyumba zake, huingii. Ukiwa na neno kwake, unampa mkeo, mkeo anampelekea. Na yeye hivyo hivyo."

Niliitikia. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, ingawa si kwa kugeuziana migongo. Nikajiambia, kwani nina shida gani ya kuzungumza na mama wa watu?

Pale kiwandani mambo yakaharibika taratibu. Vipuri havikuja, kisha mishahara ikawa haiji, kisha pamba yenyewe ikakosa wa kuinunua. Ilipokuja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa na sisi tukapumzishwa kazi. Tulihamia Musoma mjini, tukapanga Kamunyonge. Mimi nikawa fundi baiskeli. Tabitha akawa anachukua dagaa kwenda nao Sirari, mpakani, na kurudi na mitumba. Alikuwa na akili ya biashara kunizidi. Kwa kweli yeye ndiye aliyetulisha, na sioni aibu kuliandika hilo.

Siku moja akasema, "Turudi Bukima. Mama yuko peke yake."

Peke yake hakuwa. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini Tabitha alisema vile.

Baba yake, aliyekuwa amefariki zamani, aliacha wajane wawili katika mji mmoja, milango ikitazamana. Mkubwa ni mama mkwe wangu. Mdogo ni Mama Magesa, ambaye mwiko wangu haukumhusu, maana hakumzaa Tabitha. Mama Magesa alikuwa amezika watoto wawili palepale, nyuma ya nyumba yake, na aliyebaki, huyo Magesa, alikwenda machimboni Geita akapotea, hata salamu hazikuja. Mama huyu hakuwa na kwingine kwa kwenda ila kwa kaka yake Bunda, ambaye naye alikuwa na mke mkali na chumba kimoja. Mji ule ndio uliokuwa kila kitu chake.

Sisi tulijenga ng'ambo ya njia, nyuma ya ua wa minyaa, kwa sababu mimi nisingeweza kukaa ndani ya mji wa mama mkwe. Kutoka kibandani kwangu, nikiwa naziba pancha, niliona mapaa tu ya huko. Sauti nilizisikia. Kuingia, kamwe.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni kuhusu bati.

Katika miaka ya shida bati lilikuwa kitu cha kuombewa kibali, na kibali chenyewe kilitoka kwa wakubwa. Ilipokuja ruksa, bati zikawa zimeegeshwa nje ya maduka Musoma, mtu anachagua. Tabitha alikusanya kidogo kidogo kutoka katika safari zake za Sirari hadi akamwezekea mama yake nyumba. Bati zilizobaki hakutaka zikae bure. Vicheche walikuwa wakimaliza vifaranga vya mama yake, basi akamleta fundi, wakajenga banda la kuku la bati tupu. Paa bati, kuta bati, mlango bati. Kicheche apite wapi?

Watu walikuja kulitazama. Lilimeremeta hata wavuvi walisema wanaliona wakiwa majini. Mzee Mafuru, balozi wetu wa nyumba kumi, alilizunguka mikono nyuma.

"Tabitha, hawa kuku wamenipita cheo," alisema, kwa sauti iliyonifikia hadi kwangu. "Mimi balozi nalala kwenye nyasi, wao kwenye bati. Wakianza kudai kadi ya chama unijulishe mapema."

Watu walicheka. Tabitha alicheka kuliko wote. Sijawahi kumwona mwanamke akiwa na furaha kama aliyokuwa nayo Tabitha siku ile, akimwonyesha mama yake komeo la mlango. Nani angefikiri kwamba furaha ile ilikuwa imebeba msiba?

Mama Magesa yeye hakuwa na mtoto wa kumletea bati. Kuku wake aliwaweka chini ya kihenge chake cha mtama, kilichoinuliwa kwa magogo, akazungushia nyavu chakavu alizookota ufukweni, akaweka na kipande cha mtungi chenye maji. Wapita njia walimtania. "Mama Magesa, umevua kuku au samaki?" Naye alijibu, "Nimevua nilichopata."

Kisha likaja joto.

Wanaoishi kando ya ziwa lile wanaujua mwezi wa pili kabla ya mvua. Upepo unakufa, majabali yanawaka. Na majabali ndiyo tuliyoanikia mihogo ya udaga, ile inayovundikwa kisha kusagwa unga. Kila kaya ilikuwa na jabali lake, na mihogo ikiwa juu, kuku wote hufungiwa kuanzia asubuhi hadi jua lizame. Hiyo ilikuwa amri ya tangu zamani, na ni amri nzuri, maana kuku mmoja akipanda jabali la mtu anaweza kuleta ugomvi wa ukoo mzima. Ukimkuta kwenye udaga wako, unampiga jiwe na mwenyewe hana la kusema.

Mama mkwe akawafungia kuku wake kwenye bati. Mama Magesa akawafungia wake chini ya kihenge.

Siku za kwanza alikufa tetea mmoja. Kisha wawili kwa pamoja. Kisha jogoo mwekundu ambaye mama mkwe alimpenda hata akampa jina la marehemu mume wake. Tabitha alikuwa akirudi alasiri, amewashika miguu, vichwa vinaning'inia, ananiambia neno moja tu. "Tena."

Watu walisema ni kideri, ile tauni ya kuku. Kila mwaka kideri hupita majira kama hayo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Walichinja walioonekana kudhoofika, wakachoma manyoya mbali, wakawapaka waliosalia majivu ya mwarobaini.

Lakini kuku wa Mama Magesa hawakufa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza... Kideri gani kinachochagua mlango? Hatua chache tu kutoka huku hadi kule, huku wanakufa, kule wanataga. Nikiwa kibandani nilisikia wajane wale wawili wakijibizana.

"Mwenzangu, kuku wako wanakulaga nini, mbona hawafi?"

"Wanakulaga hicho wanachokula wako. Ulitaka wafe ndiyo upumue?"

"Mimi nauliza tu."

"Hujawahi kuuliza tu tangu nimeolewa hapa."

Nilitabasamu siku ile. Nilidhani ni ugomvi wa wake wenza, ugomvi wa miaka, ambao hauui mtu. Kumbe nilikuwa sijui ninachokisikia.

Baada ya wiki watu walianza kushusha sauti Mama Magesa akipita. Kisimani walimwacha achote peke yake. Mwanamke mmoja aliyenunua mayai kwake aliyarudisha. Kisha jioni moja Tabitha akaniambia, huku anapepeta dagaa, kwamba wazee wanataka kukaa kikao. Kama itaonekana ni mkono wa Mama Magesa, atahamishwa.

"Ahamie wapi?" nikauliza.

"Anakojua," akasema.

Sikulala vizuri. Kesho yake nilimchukua kuku aliyekufa, nikamfunga kwenye mfuko, nikapanda baiskeli kwenda kumtafuta bwana mifugo. Ofisini Musoma nikaambiwa yuko Butiama. Nikalala kwa rafiki Kamunyonge, alfajiri nikaendelea. Nilipomkuta Butiama, akiwa kwenye josho la ng'ombe, mfuko wangu ulikuwa unanuka hata ng'ombe wenyewe waligeuka.

"Fundi," akasema, "huyu umemleta nimpime au nimzike?"

Nikamweleza. Akaniuliza kama wanapinda shingo. Nikasema sijui. Kama wanaharisha kijani. Sijui. Wamekaaje kabla ya kufa. Sijui.

"Sasa wewe unajua nini?"

"Ni kuku wa mama mkwe. Siingii kule."

Alikuwa mwenyeji wa Mara. Aliacha kucheka, akatikisa kichwa. "Hapo nimekuelewa. Haya niambie hata hili. Wanakufaga saa ngapi?"

Nilifikiri. Tabitha alikuwa akirudi nao alasiri. Kila mara alasiri. Hajawahi hata siku moja kuja nao asubuhi.

"Mchana. Saa nane, saa tisa."

"Kideri hakisomi saa," akasema. "Kinaua usiku, kinaua asubuhi. Kinachoua saa nane tu, kitafute juani. Banda lao likoje?"

Nikamwambia kuhusu bati. Hakuniacha nimalize. Alisema kuku hatoki jasho, hana njia ya kujipoza ila kuhema, na akifungiwa kwenye bati bila hewa, na maji yakiwa ya moto, anaiva akiwa hai. Waezeke nyasi juu ya lile bati, akasema, wakate upande mmoja waweke wavu, wawape maji ya kivulini. Hakuna dawa nyingine.

Nilirudi Bukima nikiendesha kama mtu aliyebeba dawa ya mgonjwa. Niliona nimebeba uhai wa Mama Magesa. Jambo lilikuwa jepesi hivyo... nyasi, wavu na maji!

Tabitha alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Unasema bati langu ndilo linaloua?"

"Nasema joto."

"Bati langu."

"Tabitha, hakuna anayekulaumu. Mwambie mama tu. Mimi siwezi kwenda, wewe unajua."

"Nitamwambia," akasema.

Kesho yake nikauliza, akasema amemwambia, mama amekubali. Nikasubiri kusikia nyundo. Sikusikia. Nikitazama juu ya minyaa, paa lile lilikuwa linameremeta kama jana, halina hata unyasi mmoja. Alasiri Tabitha akarudi na tetea mwingine. Nikauliza tena. Akasema mama ni mtu mzima, mambo yake ni polepole. Siku iliyofuata akasema nyasi zimekosekana. Nyasi, Bukima?

Na mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ua, hatua ishirini kutoka kwenye lile banda, na sikuweza kufanya lolote. Mtu ambaye hajawahi kuishi kwa desturi za watu anaweza kuniuliza, si ungepiga kelele kutoka ulipo? Kumpigia mama mkwe kelele? Ningekuwa nimemtukana mbele ya kijiji chote, na maneno yangu yasingesikika, matusi ndiyo yangesikika.

Siku ya tatu kukatokea msiba Nyegina. Mama mkwe na Tabitha walikwenda, pamoja na karibu kijiji kizima. Jua lilipofika kichwani nilivuka njia, nikapita kwenye mwanya wa minyaa. Nilikuwa natazama nyuma kama mwizi. Miaka yote ya ndoa yangu na sikuwa nimekanyaga ardhi ile.

Niligusa mlango wa banda, nikarudisha mkono. Ulikuwa kama pasi ya mkaa. Nilipofungua, hewa iliyotoka iliniziba pumzi. Ndani walikuwa wamekaa chini, midomo wazi, mabawa wameyatandaza kama watu waliovua mashati, macho nusu yamefumba. Maji kwenye kopo lao ungeweza kuyakorogea chai. Niliingia kichwa na mabega, nikajaribu kukaa humo kwa muda wa kusali Baba Yetu. Sikuufikia mwisho wa sala.

Niliwatoa mmoja mmoja, nikawaweka kwenye kivuli cha kihenge cha Mama Magesa. Nikawamwagia maji miguuni. Mmoja alikufa mikononi mwangu. Waliobaki, baada ya muda, wakasimama, wakanywa, wakaanza kujikung'uta. Walipona mbele ya macho yangu. Hapo hapo.

"Mkwe."

Mama Magesa alikuwa mlangoni kwake, ameshika mchi. "Mkwe, umeingia huku?"

"Mama, ni joto," nikasema. "Ni hilo bati. Hakuna mchawi."

Alitazama kuku, akanitazama. Akaweka mchi chini. "Mimi najua kwamba hakuna mchawi," akasema. "Nilikuwa nasubiri na wengine wajue."

"Ukiulizwa nani amewafungua, sema ni mimi."

"Nikisema hivyo watasema na wewe nimekuloga ukakosa adabu kwa mkweo. Rudi kwako, baba. Rudi kabla hawajaja."

Nikarudi. Sikujua la kufanya zaidi. Jioni waliporudi walikuta kuku nje, na udaga wa mama mkwe umedonolewa juu ya jabali. Waliuliza nani amefungua. Mama Magesa alinyamaza. Na kunyamaza kwake wakakuchukua kuwa ni kukiri.

Kikao kilifanyika siku iliyofuata, mbele ya duka la ushirika lililokuwa limefungwa tangu miaka ya nyuma. Wanaume tulikaa kwenye mawe, wanawake chini upande wa pili. Kwa sababu yangu, mama mkwe aliketi ametugeuzia mgongo. Mama Magesa walimweka katikati, juu ya gunia.

Maneno yalikwenda upande mmoja kama maji ya mtaro. Mzee Mafuru hakuwa mtu mbaya, alijaribu kuuliza kama kuna mwenye neno la kumtetea. Nikasimama.

Nilisema yote. Bwana mifugo, saa nane, bati, nyasi. Walinisikiliza vizuri, hata niliona vichwa viwili vitatu vinakubali. Kisha nikasema kwamba niliona kwa macho yangu, kwamba mimi ndiye niliyewafungua, na kwamba walipona.

"Mkwe," akasema Mzee Mafuru, "umesema uliona. Uliona ukiwa wapi?"

"Bandani."

"Kwa mama mkwe wako? Uliingia?"

Mama mkwe alijifunika kanga kichwani, akainuka, akaondoka bila kugeuka. Wanawake wawili wakamfuata. Mzee mmoja akatema mate chini na kusema, "Huyu naye ameshashikwa." Nikaona vile vichwa vilivyokuwa vinakubali vinaangalia pembeni. Sikuwa tena mtu aliyeleta habari. Nilikuwa mtu aliyeingia.

Mzee Mafuru alijaribu mara ya mwisho. Nitamshukuru kwa hilo hadi nife. "Tuseme ulikosea njia. Lakini neno lenyewe, kabla ya kuingia, ulilipitisha panapostahili? Ulimpa mkeo?"

"Nilimpa."

"Tabitha. Mumeo alikupa neno la bati umpelekee mama?"

Nilimtazama mke wangu. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimesahau hata zile nyasi zilizokosekana, nikamtazama kama mtu anayetazama mlango wa kwake.

Tabitha alikuwa anachora chini kwa kijiti. Hakuinua uso.

"Hakuniambia kitu," akasema.

Wasomaji wangu, mmewahi kuzama mkiwa nchi kavu?

Walimpa Mama Magesa muda hadi asubuhi. Hawakumpiga, walisema wanamwondoa kwa amani. Alfajiri alikwenda kwenye yale makaburi mawili nyuma ya nyumba, nikamsikia kutoka kwangu akizungumza na wanawe kwa lugha ya kwao, polepole, kama anayeaga watoto wanaobaki na bibi. Kisha akapita njiani, tenga la kuku wake kichwani. Vijana wakang'oa mlango wa nyumba yake. Nilimfuata na baiskeli nikambebea mzigo hadi barabara kubwa. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata mahali pa kuweka moyo.

Na sasa sikieni jambo ambalo hadi leo linaniamsha.

Mvua ilinyesha usiku wa siku ileile aliyoondoka. Mvua kubwa ya kwanza, yenye radi, ikapoza majabali, ikapoza bati. Mihogo ikaanuliwa, kuku wakafunguliwa mchana kutwa. Hakufa hata mmoja. Siku ya pili hakufa. Wiki ikapita.

"Mmeona?" watu walisema kisimani. "Mmeona?"

Nilisema ni mvua. Walinitazama kwa huruma. Hata Mzee Mafuru aliniwekea mkono begani, akasema, "Mwanangu, acha. Mungu ameshaamua."

Nilimuuliza Tabitha mara moja tu. Alikuwa anasuka mkeka. Hakulia, hakukasirika.

"Baba alipokuwa hai," akasema, "sisi tulikuwa tukilala njaa na tunasikia harufu ya samaki kutoka nyumba ile. Mama hakuwahi kupewa kitu na mtu hadi mimi nilipomletea bati. Halafu wewe unataka nisimame mbele ya watu niseme bati langu ndilo lililomuulia kuku, na yule apone?"

"Alikuwa hana hatia, Tabitha."

"Ya kuku, hana." Akaendelea kusuka. "Wewe ni mtu wa njia. Leo upo, kesho umeshuka kituo kingine. Mimi nikimwaibisha mama, nitabaki na nani?"

Tangu hapo hatukugombana. Tulikuwa tukipeana chumvi mezani kama wageni kwenye mgahawa. Nililala kitanda kimoja na mtu ambaye nilimpa neno la kuokoa binadamu, akalikalia.

Nikaanza kuuza vifaa vyangu vya baiskeli kimoja kimoja.

Siku niliyoondoka ilikuwa ya mawingu. Tabitha alinisindikiza hadi kwenye ua. Akarudi kwa mama yake, akatoka na tetea mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mkwe hatoki mikono mitupu, hata mkwe aliyekosa. "Mama amesema ufike salama," akasema. Nilitaka kumwambia jambo. Lori likapiga honi.

Bunda nilimtafuta Mama Magesa. Nilimkuta uani kwa kaka yake, anachambua mchele wa watu. Alikuwa amekonda. Nikampa yule tetea, nikasema ni wake kwa haki. Alimpokea, akampapasa kifuani, akamtazama macho, kama anavyotazamwa mtoto aliyetoka hospitali.

"Ni wa kule?"

"Wa kule."

"Wengine wanaendelea kufa?"

Nilitamani kusema uongo. "Hapana, mama. Wameacha. Tangu mvua ya usiku ule."

Akamfungua yule kuku kamba miguuni, akamwacha atembee.

"Basi," akasema, "sitarudi tena."

Nilipanda basi la Mwanza mchana ule na sijarudi Mara hadi leo. Nasikia Mama Magesa alizikwa Bunda, mbali na wanawe. Tabitha sijui habari zake, na sijamwombea mabaya.

Wenzangu mnaosoma, mimi si mtu wa kumfundisha mtu maisha, maana yangu mwenyewe nimeyatembeza tu. Lakini neno linaloweza kumwokoa mtu, usilikabidhi mdomo wa mwingine, hata awe wa mke wako, hata desturi ikutake hivyo. Lipeleke mwenyewe mapema, kabla kikao hakijaitwa. Mimi nililipeleka kwa kuchelewa, na nililipeleka kwa mlango usio wake.

Na kama una kuku nyuma ya nyumba, jua limekuwa kali na wanakufa mchana, nakuomba sana, usianze kwa kumtazama jirani. Nenda bandani saa nane. Ingia, vuta mlango, ukae humo. Utakachokisikia mwilini mwako ndicho kinachowaua.